Usasaleo si nguzo za Kirumi, wala si "kila mtu na ukweli wake"

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nijibu makala iliyochapishwa hivi karibuni gazetini mwako kuhusu fikra ambayo baadhi ya wahakiki wetu wa fasihi huiita usasaleo (postmodernism kwa Kiingereza). Mwandishi wake alidai mambo mawili. La kwanza ni kwamba usasaleo unafundisha kuwa hakuna ukweli, kila mtu ana wake, na kwa hiyo hakuna wa kumkosoa mwenzake. La pili ni kwamba nyumba mpya zinazoota katika miji yetu, zenye nguzo nene za Kirumi barazani, vioo vya samawati na jipsamu ya maua darini, ndiko usasaleo ulikotufikisha. Nimefundisha Kiswahili na historia katika shule za sekondari za mkoa huu wa Kigoma kwa zaidi ya miaka thelathini, na madai hayo nimeyasikia pia kwa walimu wenzangu na kwa wanafunzi. Naamini yote mawili yamekosea, na yanatunyima chombo cha kufikiria ambacho sisi wa Kigoma tuna sababu zetu wenyewe za kukihitaji.

Jina lenyewe linatuambia pa kuanzia. Usasaleo umejengwa juu ya usasa, na asiyejua usasa ulidai nini hawezi kujua usasaleo unagombana na nani. Katika usanifu majengo, usasa ulikuwa imani ya watu makini walioona miji ya Ulaya imejaa vyumba vya giza, unyevu na kifua kikuu. Waliamini kwamba chuma, vioo na zege vingeweza kumpa kila mfanyakazi jua, hewa na maji safi, ilimradi msanifu aachane na mapambo na mazoea ya mababu. Msanifu Adolf Loos wa Vienna alishayashambulia mapambo mapema katika karne ya 20, na mwaka 1923 msanifu mwenzake Le Corbusier aliandika kwamba nyumba ni mashine ya kuishi. Mies van der Rohe naye akajulikana kwa msemo kwamba kilicho kichache ndicho kingi. Sina dharau kwa watu hao. Soko la Kariakoo alilolisanifu Beda Amuli katika miaka ya 1970, lenye paa la zege lililokunjuka kama miavuli iliyogeuzwa juu chini, ni tunda la usasa, na lilipoungua Julai 2021 nilihuzunika kama mtu aliyefiwa.

Lakini ndani ya imani hiyo kulikuwa na dai moja zito. Dai hilo lilisema kwamba mtaalamu mwenye rula na akili timamu anaweza kujua mahitaji ya binadamu popote alipo, awe Paris au Brasília, mji mkuu wa Brazil, na kwamba historia ya mahali ni takataka ya kufagiliwa kabla ya kuchimba msingi. Hapo ndipo ugomvi ulipoanzia.

Vitabu vingi huusimulia ugomvi huo kwa kuanzia mji wa St. Louis, Marekani, ambako katika miaka ya 1950 lilijengwa eneo la makazi ya watu wa kipato cha chini lililoitwa Pruitt-Igoe. Lilikuwa na majengo 33 ya ghorofa 11, yenye makazi 2,870, yaliyosanifiwa na Minoru Yamasaki. Lifti zilisimama kila baada ya ghorofa mbili tu, kwa matumaini kwamba wakazi wangekutana kwenye korido pana na kujenga ujirani. Korido hizo zikawa mahali pa kuogopwa. Machi 1972 majengo ya kwanza yalianza kulipuliwa kwa baruti, na mwaka 1977 mhakiki wa usanifu Charles Jencks akaandika kwamba usanifu wa kisasa ulikufa papo hapo St. Louis, tarehe 15 Julai 1972, saa tisa na dakika thelathini na mbili alasiri.

Ni hadithi tamu, na wengi wanaishia hapo. Mimi naomba msomaji asiishie hapo. Mwaka 1991 mtafiti wa usanifu Katharine Bristol alionyesha kwamba lawama zote kumtwisha msanifu ni kuficha mengine. Matunzo ya majengo yalitegemea kodi za wapangaji maskini, mji wenyewe ulikuwa ukipoteza watu na ajira, na ubaguzi wa rangi uliamua nani akae wapi. Kwa maneno mengine, simulizi la kifo cha usasa nalo lilikuwa simulizi la mkato, lililompa msanifu nguvu ambazo hakuwa nazo. Mtu akishaliona hilo ameanza kufikiri kiusasaleo hata kama jina halijui, kwa maana anaacha kuuliza "hadithi hii ni nzuri?" na kuuliza "imesimuliwa na nani, na imewaacha nje akina nani?"

Sasa nije nyumbani. Nilikuwa mtoto wa darasa la pili, katika milima ya Kasulu, familia yetu ilipohamishwa. Kigoma ilikuwa miongoni mwa mikoa ya mwanzo kufikiwa na operesheni ya vijiji, kabla haijatangazwa, Novemba 1973, kwamba kuishi vijijini ni amri kwa nchi nzima. Kabla ya hapo kaya nyingi za Waha zilikaa zimetawanyika, kila moja katikati ya migomba yake, na aliyetaka kumwona jirani alivuka bonde. Tuliambiwa tukajenge kando ya barabara, nyumba zikiwa kwenye mstari mmoja, viwanja vya ukubwa uleule, milango yote ikitazama barabara. Sisemi haya kwa kinyongo. Shule iliyonifundisha kusoma ilikuwa ya kijiji hicho, na bila shule hiyo nisingeweza kukuandikia barua hii. Lakini mstari ule ulitoka katika kichwa kilekile kilichochora Pruitt-Igoe, yaani katika imani kwamba kilichopangika vizuri kwenye karatasi kitapangika vizuri katika maisha. James Scott, msomi wa Marekani, mwaka 1998 aliviweka vijiji vyetu katika kitabu kimoja na jiji la Brasília na mashamba ya pamoja ya Urusi kwa sababu hiyohiyo.

Baba alijenga kwenye mstari kama alivyoelekezwa. Mlango wa barabarani aliuweka, ila hakuutumia. Alifungua mwingine ubavuni, uliotazama migomba aliyoipanda upya nyuma ya nyumba, na huko ndiko wageni walikopokewa, mahari ilikozungumzwa na misiba ilikokaliwa. Ofisa aliyepita na daftari lake aliona nyumba iliyonyooka na wenzake. Bibi aliona ua wake. Miaka mingi baadaye, nikisoma maelezo ya Jencks kwamba jengo la usasaleo husema kwa lugha mbili kwa wakati mmoja, moja kwa wataalamu na nyingine kwa wakazi wa kawaida, nilifunga kitabu nikakaa kimya kwa muda. Baba hakuwahi kusikia jina la Jencks, na mimi niliyepita mlango ule wa ubavuni maelfu ya mara sikuwa nimewahi kuufikiria.

Wasanifu walioianza njia hiyo kwa maandishi walikuwa Robert Venturi na mkewe Denise Scott Brown. Venturi, katika kitabu chake cha mwaka 1966 kuhusu utata na ukinzani katika usanifu, alimjibu Mies kwamba kilicho kichache kinachosha. Nyumba aliyomjengea mama yake huko Philadelphia mwanzoni mwa miaka ya 1960 ina paa la mgongo kama nyumba anazochora mtoto, lakini paa hilo limepasuliwa katikati, na ngazi na bomba la moshi vinagombania nafasi moja ndani. Scott Brown ndiye anayenigusa zaidi. Alizaliwa mwaka 1931 Nkana, katika ukanda wa shaba wa nchi ambayo leo ni Zambia, akakulia Johannesburg, na amewahi kueleza kwamba Las Vegas aliitazama kwa jicho la mtu wa Afrika. Mwaka 1968 yeye na mumewe waliwapeleka wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Yale katika mji huo wa kamari, mahali ambapo wasomi wa usanifu walipaona pa aibu, wakapima barabara, wakahesabu mabango na kuuliza kwa nini watu wanapapenda. Mwaka 1991 tuzo kubwa ya usanifu ya Pritzker ilitolewa kwa Venturi peke yake, na mwaka 2013 maelfu ya watu walipoomba jina la mkewe liongezwe, walikataliwa. Naona huo ni udhalimu, na nausema wazi.

Kutoka Las Vegas walirudi na tofauti moja ambayo kila mkazi wa Kigoma anaweza kuijaribu kesho asubuhi. Kuna jengo lililo bata, na kuna banda lililopambwa. Bata ni jengo ambalo umbo lake lote ni ujumbe, kama duka moja la jimbo la New York, lililojengwa mwaka 1931 kwa umbo la bata mkubwa ili kuuza bata na mayai. Banda lililopambwa ni boksi la kawaida lililobandikwa ujumbe mbele. Tembea Mwanga, kuanzia sokoni, uangalie. Maduka yote ni mabanda ya tofali na bati, na maneno yote yako ukutani: kinyozi amechorewa vichwa vitatu vyenye mitindo mitatu, mama lishe ana sahani ya ugali na migebuka iliyopakwa rangi, ukuta mzima wa duka la jirani umevaa rangi za kampuni ya simu. Venturi na Scott Brown hawakusema mambo hayo ni mazuri kuliko kazi ya msanifu. Walisema msanifu asiyeyasoma hajui lugha ya mtaa anaotaka kujenga, na mimi nakubaliana nao kabisa.

Nigeukie sasa dai la kwanza, la kwamba usasaleo hauna ukweli. Mwanafalsafa wa Ufaransa Jean-François Lyotard, katika ripoti aliyoiandika mwaka 1979 kwa ombi la baraza la vyuo vikuu la serikali ya Quebec, alieleza hali ya usasaleo kuwa ni kutoyaamini masimulizi makuu. Masimulizi makuu ni yale yanayodai kubeba historia nzima ya binadamu mgongoni, kwamba sayansi itatukomboa sote, au kwamba dunia yote inapanda ngazi moja ya ustaarabu ambayo baadhi ya mataifa yamo juu na mengine yamo chini. Lyotard alifundisha katika mji wa Constantine, Algeria, kuanzia mwaka 1950 hadi 1952, na baadaye akaandika sana kuhusu vita vya ukombozi vya nchi hiyo. Mwanafalsafa mwenzake Jacques Derrida alizaliwa Algeria mwaka 1930. Mwingine, Michel Foucault, alifundisha Tunis kuanzia 1966 hadi 1968. Sidai kwamba fikra zao zilizaliwa Afrika. Nasema tu kwamba watu hao watatu walikuwa wameona kwa macho yao simulizi la ustaarabu likifanya kazi gani katika bara hili, na sishangai kwamba hawakuliamini.

Kutoliamini simulizi si kuukana ukweli. Mfano ninao hapa nilipo, umbali mdogo kutoka kwenye jumba la makumbusho la Ujiji, karibu na miembe. Watoto wetu hufundishwa kwamba mwaka 1871 Stanley alimpata Livingstone mahali hapa. Kwamba walikutana ni kweli, na hakuna mwenye akili anayekataa. Lakini "alimpata" ni neno la nani? Watu wa Ujiji walijua Mzungu yule mgonjwa alikaa nyumba gani na alikula nini. Hakupotea kwao. Alipotea kwa wasomaji wa magazeti ya ng'ambo. Na Livingstone alipofariki mwaka 1873, watumishi wake Chuma na Susi waliongoza safari ya kuubeba mwili wake mpaka Bagamoyo, kazi ya miezi mingi, lakini simulizi kuu linawaweka pembeni kama wabeba mizigo. Ninapowaambia wanafunzi waliandike tukio la Ujiji upya kwa macho ya mwanamke aliyekuwa akiuza mawese siku ile, siwaambii wabuni ukweli wao. Nawaambia watafute ushahidi ambao simulizi la kwanza halikuuhitaji. Foucault mwenyewe alitumia miaka mingi katika nyaraka za magereza na hospitali. Mtu asiyeamini ukweli hana haja ya kushinda kwenye makabati ya nyaraka.

Ni kweli wapo waliolipotosha jambo hili, wakaandika kurasa ambazo hata wao hawazielewi. Mwaka 1996 mwanafizikia Alan Sokal aliwajaribu kwa kutuma makusudi makala ya maneno matupu kwa jarida moja la Marekani, likaichapisha. Aibu ile waliistahili. Hata hivyo ngano haichomwi shambani kwa sababu ya magugu.

Na katika fasihi yetu tunaye Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, aliyefariki mwaka 2020. Mwaka 1979, katika Gamba la Nyoka, alisimulia misukosuko ya vijiji vya ujamaa kwa njia ya riwaya ya kawaida, yenye wahusika na kisa kinachofuatika. Ilipofika mwaka 1990 akatoa Nagona, na mwaka uliofuata Mzingile, vitabu vyembamba ambavyo kisa kimevunjika vipande, mahali hapatajwi na wakati hauendi mbele kwa mstari. Wanafunzi wangu walilalamika kila mwaka kwamba havieleweki. Niliwajibu kwamba mwandishi aliyekwisha kuona mistari iliyonyooka ikifanya nini katika maisha ya watu alikuwa na haki ya kuandika kitabu kisichonyooka.

Sasa zile nguzo. Ni kweli kwamba wasanifu wa usasaleo walizirudisha nguzo, matao na rangi. Charles Moore alizijaza katika uwanja wa Waitaliano wa New Orleans mwaka 1978, Michael Graves alizichora kubwa kwenye kuta za jengo la ofisi za mji wa Portland mwaka 1982, na Philip Johnson aliuvika mnara wa kampuni ya simu jijini New York, uliokamilika mwaka 1984, kilele kama cha kabati la kale la mbao. Lakini nguzo hizo zilikuwa nukuu. Mzungumzaji akitia methali katika hotuba, utamu wake unatokana na kwamba wasikilizaji wanaijua na wanaona alivyoigeuza. Methali isiyojulikana na yeyote ni maneno tu. Wakazi wa Portland walijua nguzo za mahakama na benki zao, kwa hiyo waliweza kuona kwamba Graves anazichezea. Jengo nililolipenda kupita yote, japo kwa picha, ni jumba la sanaa la Stuttgart la James Stirling, la mwaka 1984. Kuta zake ni za mawe kama makumbusho za zamani, vishikio vyake vya ngazi ni vinene na vya rangi za kuchangamka, na njia ya waenda kwa miguu inapita katikati ya uwanja wake wa mviringo, hivyo anayekwenda sokoni anavuka jumba la sanaa bila kukata tiketi. Hapo historia imerudishwa ili itumike.

Kwingineko ilirudishwa kama nguo ya sikukuu. Mhakiki wa Marekani Fredric Jameson alionya tangu mwaka 1984 kwamba usasaleo unaweza kuwa sura tu ya ubepari wa leo, unaouza kumbukumbu kama unavyouza sabuni, na ofisi za jengo la Graves zilijulikana kwa madirisha madogo na giza. Nakubali onyo hilo. Nalo ndilo ningependa mwandishi wa makala alitumie kwa nyumba zetu, badala ya kuzitupia jina. Nguzo zinazoletwa Katubuka na Gungu kutoka kwenye picha za simu hazinukuu jengo lolote ambalo mji huu unalikumbuka. Paa linalofichwa nyuma ya ukuta ili nyumba ionekane boksi linalazimisha mfereji wa ndani, na katika mvua zetu fundi anaitwa kila mwaka kukwangua lipu iliyooza. Wakati huohuo nyumba za Kiswahili za Ujiji, zenye baraza mbele, korido katikati, vyumba huku na huku na uani nyuma, zinabomolewa moja baada ya nyingine bila hata kuchorwa. Naomba halmashauri yetu na shule zetu za sekondari zifanye jambo dogo: wanafunzi wapewe futi kamba na daftari, wazipime nyumba hizo zikingali zimesimama, waandike nani alijenga, baraza ilitumikaje na nani alikaa upande gani. Stesheni ya reli ya Kigoma, iliyojengwa na Wajerumani, haikosi wa kuipiga picha. Nyumba ya bibi yake mwanafunzi inamngoja yeye.

Barua hii nilikuwa nimeimalizia hapo, kabla ya kwenda Kasulu mwezi uliopita. Nyumba ya baba bado ipo kwenye mstari wake. Mtoto wa marehemu kaka yangu anaishi humo na ameiongezea, upande ule wa ubavuni, kibaraza chenye nguzo mbili za mviringo zilizopigwa rangi nyeupe, za aina ileile niliyoilaumu. Nilimuuliza kwa nini nguzo. Akanijibu, "Baba mdogo, babu alikuwa anapokea wageni hapa wakinyeshewa. Mimi nilitaka paa, na fundi alikuwa na kalibu ya nguzo za hivi tu." Kati ya nguzo hizo ameweka benchi la mninga. Mlango wa barabarani ameuziba kwa tofali.

Msomaji wako,
Mwalimu mstaafu,
Ujiji, Kigoma.